Vituo vya Wafanyakazi: Jinsi Wahamiaji wa Kilatino Wanavyojipanga Marekani

Kituo cha wafanyakazi ni asasi ya kijamii inayowasaidia na kuwaunganisha watu wa kipato cha chini ambao kazini kwao hakuna chama cha kuwatetea. Nchini Marekani sehemu kubwa ya watu hao ni wahamiaji wa Kilatino, yaani waliotoka Mexico, Guatemala, El Salvador, Honduras na nchi nyingine za Amerika ya Kati na ya Kusini. Ndio wanaochuma nyanya na zabibu, wanaoezeka mapaa, wanaosafisha ofisi usiku, wanaoosha vyombo migahawani na wanaolea watoto wa wenzao. Kituo chenyewe mara nyingi ni chumba cha kupanga juu ya duka, ukumbi wa kanisa, au kibanda kando ya maegesho ya magari.

Kazi za kituo ni tatu. Ya kwanza ni huduma: msaada wa kisheria, madarasa ya Kiingereza, upimaji wa afya, kumwandikia barua asiyejua pa kuipeleka. Ya pili ni utetezi: kudai sheria bora na kuhakikisha zilizopo zinafuatwa. Ya tatu ni kuwaunganisha wafanyakazi wajisemee wenyewe. Hizo ni kama mafiga matatu. Likiondolewa moja, chungu hakikai. Huduma bila umoja humfanya mfanyakazi arudi kila mwaka na shida ileile. Utetezi bila wafanyakazi wenyewe huishia kwenye sheria nzuri zisizomfikia mtu. Na umoja bila huduma hauwavuti watu ambao kesho hawana kodi ya nyumba. Historia ya vituo hivi ni historia ya kutafuta namna ya kuyasimamisha mafiga hayo yote kwa pamoja.

Sheria iliyowaacha nje

Mwaka 1935 Marekani ilitunga sheria iliyowapa wafanyakazi wa sekta binafsi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Mwaka 1938 ikafuata sheria ya kima cha chini cha mshahara na malipo ya saa za ziada. Wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani hawakupata kinga hizo. Wakati huo katika majimbo ya kusini kazi hizo zilifanywa zaidi na Wamarekani Weusi, na wanasiasa wa majimbo hayo hawakutaka wapate nguvu mbele ya wenye mashamba. Kima cha chini kiliwafikia baadhi ya wafanyakazi wa mashambani mwaka 1966 na wa majumbani mwaka 1974, lakini haki ya chama ya mwaka 1935 haijawafikia hadi leo katika sheria ya taifa. Walatino walipoingia kwa wingi katika kazi hizo, walirithi pengo hilo.

Mlango mkubwa wa kuingilia ulifunguliwa na serikali yenyewe. Agosti 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimewachukua vijana wa Marekani, nchi hiyo iliafikiana na Mexico kuleta wanaume wa kufanya kazi mashambani kwa mikataba ya muda. Mpango huo, ulioitwa Bracero kutokana na neno la Kihispania la mkono, uliendelea hadi 1964 na kutoa mikataba zaidi ya milioni 4. Mfanyakazi alifungwa kwa mwajiri aliyetajwa katika mkataba wake. Akilalamika, safari ya kurudi kwao ilikuwa karibu.

Katika mashamba ya mboga ya California, vibarua hao na waliowafuata walipewa kijembe chenye mpini mfupi, usiofika hata urefu wa mkono. Mnyapara alikipenda kwa sababu akitazama shamba kutoka mbali aliona mara moja nani amenyooka na kupumzika. Aliyekishika alifanya kazi amejikunja tangu alfajiri hadi jioni, mgongo ukaharibika angali kijana. Wafanyakazi walishirikiana na mawakili wa shirika la msaada wa kisheria vijijini lililoanzishwa California mwaka 1966, madaktari wakatoa ushahidi, na mwaka 1975 kijembe hicho kikapigwa marufuku katika jimbo hilo. Ushindi huo ulionyesha kwamba wakili ana nguvu pale aliyeumia anapokubali kusimama na kusema.

Mikutano ya sebuleni

Njia ya kuwakusanya watu waliozoea kunyamaza ilibuniwa mijini kabla ya kufika mashambani. Mwaka 1947 Wamarekani wenye asili ya Mexico mjini Los Angeles walianzisha jumuiya iliyoitwa Community Service Organization. Mhamasishaji wake mkuu, Fred Ross, hakuanza na mikutano ya hadhara. Alimwomba mwenye nyumba mmoja awaalike majirani na jamaa wachache sebuleni kwake. Hapo watu walizungumza kuhusu mtaro usiozibuliwa, polisi wanaopiga vijana, kadi ya kupigia kura. Mwishoni aliulizwa mmoja wa wageni kama naye angefungua mlango wake wiki ijayo. Kutoka sebule hadi sebule jumuiya ilikua, kila mgeni akigeuka mwenyeji.

Mwaka 1952 Ross alifika katika mtaa mmoja maskini wa San Jose na kukutana na kijana aliyewahi kuwa kibarua wa mashambani, César Chávez. Miaka michache baadaye, mjini Stockton, alijiunga mwalimu aliyeitwa Dolores Huerta. Wawili hao waliiacha jumuiya hiyo walipoona haiko tayari kwenda mashambani, na mwaka 1962 wakaanzisha chama cha wakulima vibarua katika mji wa Delano, bonde la kati la California.

Chama hicho kilianza kwa huduma. Ada ilikuwa dola 3.50 kwa mwezi, fedha nyingi kwa mtu wa kipato kile. Mwanachama alipata nini? Alipata bima ya mazishi, ili familia isipite na bakuli msiba unapotokea. Alipata ushirika wa akiba na mikopo, gazeti la chama, na mtu wa kumsindikiza katika ofisi za serikali. Msomaji wa Afrika Mashariki anayefahamu vyama vya kufa na kuzikana ataelewa mara moja kwa nini mazishi yalitangulia. Mtu huamini kwanza chama kinachomstahi katika msiba, ndipo akifuate katika mgomo.

Mgomo ulikuja mapema kuliko ilivyopangwa. Tarehe 8 Septemba 1965 wafanyakazi Wafilipino wa chama kingine, wakiongozwa na Larry Itliong, waliacha kuchuma zabibu Delano. Siku nane baadaye, kanisani, wanachama wa Chávez na Huerta walipiga kura ya kuwaunga mkono. Kwa miaka mingi wenye mashamba walikuwa wakitumia Wamexico kuvunja mgomo wa Wafilipino na Wafilipino kuvunja mgomo wa Wamexico. Safari hii mbinu hiyo ilishindikana. Mwaka 1966 wagomaji walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 450 kutoka Delano hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo. Kisha walipeleka ombi lao kwa walaji: zabibu zisinunuliwe. Familia za wagomaji zilihamia miji ya mbali kusimama nje ya maduka. Julai 1970 wenye mashamba wa Delano walitia saini mikataba, na mwaka 1975 California ikawapa wafanyakazi wa mashambani haki ya chama kwa sheria ya jimbo.

Kwa nini vituo viliibuka

Katika miaka ya 1980 mambo mawili yalikutana. Vita vya El Salvador na Guatemala viliwatoa watu makwao kwa malaki, na wengi wao walikimbilia Los Angeles, Washington, Houston na vitongoji vya New York. Wakati huohuo makampuni yalianza kuikabidhi kazi kwa wakandarasi. Msafishaji hakuajiriwa tena na mwenye jengo, bali na mkandarasi mdogo aliyeajiriwa na mkandarasi mkubwa aliyeajiriwa na msimamizi wa jengo. Mshahara usipolipwa, kila mmoja alimwonyesha mwenzake kidole. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vinapungua nguvu, na vingi vilimwona mhamiaji kama mshindani wa wanachama wao.

Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1986 iliongeza utata. Kwa upande mmoja iliwapa ukaazi halali watu wapatao milioni 2.7. Kwa upande mwingine ilikataza kumwajiri kwa kujua mtu asiye na kibali. Lengo lililotajwa lilikuwa kumbana mwajiri, lakini mwajiri mkorofi alipata silaha: anayedai malipo yake anatishiwa kuitiwa maofisa wa uhamiaji. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika shauri la kampuni ya Hoffman Plastic, kwamba mfanyakazi asiye na kibali aliyefukuzwa kwa sababu ya chama hastahili kulipwa mshahara wa muda aliokuwa nje ya kazi. Jambo moja halikubadilika, na vituo hulirudia kila siku: saa iliyokwisha kufanywa lazima ilipwe, awe mfanyakazi ana makaratasi au hana.

Mashirika ya kuwapokea wakimbizi yaligundua kwamba shida kubwa ya wakimbizi hao ilikuwa kazini. CASA, iliyoanza 1985 katika kanisa moja la Takoma Park, Maryland, ilitoa chakula na nguo, kisha ikajikuta ikifuatilia mishahara. Janice Fine, mtafiti aliyeandika kitabu kinachotegemewa zaidi kuhusu vituo hivi, alieleza kwamba mwaka 1992 vituo vya wafanyakazi havikufika hata vitano nchi nzima. Kufikia 2005 alihesabu zaidi ya 130.

Kijiweni

Mahali panapoonyesha vizuri kazi ya kituo ni kijiwe cha vibarua. Alfajiri wanaume hukusanyika kwenye kona, nje ya duka la vifaa vya ujenzi au karibu na kituo cha mafuta. Gari la mizigo linasimama, dereva anaonyesha vidole viwili, na watu ishirini wanalikimbilia. Anayekubali bei ya chini ndiye anayepanda. Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2006, ambao uliwahoji vibarua 2,660 katika vijiwe 264, ulikadiria kwamba kwa siku moja watu wapatao 117,600 hutafuta au hufanya kazi ya namna hiyo. Karibu nusu yao walikuwa wamedhulumiwa malipo angalau mara moja katika miezi miwili iliyotangulia. Mmoja kati ya watano alikuwa amewahi kuumia kazini.

Kituo kinapofunguliwa karibu na kijiwe, mbio hizo hukoma. Mwenye kuwahi huandikisha jina au huchukua namba, na kazi hutolewa kwa zamu au kwa kura. Mwajiri anayefika huacha jina, namba ya simu na namba ya gari lake, na kusema kazi ni ipi, ya saa ngapi na kwa malipo gani. Kiwango cha chini cha ujira hakipangwi na mratibu. Vibarua wenyewe hukipigia kura katika mkutano wao: kufyeka kiasi hiki, kuhamisha samani kiasi kile, na asiwepo wa kushuka chini yake. Wanaosubiri hawakai bure. Ubaoni kuna maneno ya Kiingereza ya siku hiyo, ngazi, msumeno, kinga ya macho, unanidai, nakudai.

Nidhamu hiyo huleta hasara ya muda mfupi, kwani mwenye haraka angali anaweza kwenda kona ya pili na kumpata wa bei ya chini. Ndiyo maana mkutano wa wiki ni muhimu kuliko kibanda chenyewe. Bei husimama pale tu wote wanapoona kwamba anayeishusha leo amejishushia mwenyewe kesho.

Miji mingi ilijaribu kuviondoa vijiwe kwa sheria ndogo za kukataza kuomba kazi barabarani. Mtandao wa kitaifa wa vibarua, NDLON, ulioundwa 2001, uliwaunganisha wenyeji wa kona mbalimbali kupinga sheria hizo. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya mkoa wa tisa ilibatilisha sheria ya Redondo Beach, California, katika shauri lililofunguliwa na kamati ya vibarua wa mji huo. Hoja iliyoshinda ilikuwa kwamba kusimama kando ya barabara na kusema unatafuta kazi ni sehemu ya uhuru wa kusema unaolindwa na katiba.

Kudai ujira uliodhulumiwa

Wizi wa ujira una sura nyingi. Kuna mwajiri anayetoroka, hundi isiyo na fedha benki, saa za ziada zisizohesabiwa, bakshishi zinazochukuliwa na meneja, na makato ya sare na vifaa. Utafiti uliochapishwa 2009 uliwahoji wafanyakazi 4,387 wa kipato cha chini Chicago, Los Angeles na New York. Asilimia 26 walikuwa wamelipwa chini ya kima cha chini cha kisheria katika wiki iliyotangulia mahojiano.

Silaha ya kwanza ni daftari. Kituo humpa mfanyakazi kijitabu cha mfukoni na kumfundisha kuandika tarehe, mahali, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jina la aliyemchukua na namba ya gari. Daftari lililoandikwa kila jioni kwa kalamu ileile iliyokuwa mfukoni ni ushahidi, hata kama mwandishi wake alisoma hadi darasa la tatu. Baada ya daftari inakuja barua ya madai. Isipojibiwa, kikundi cha wanachama humtembelea mwajiri, wakati mwingine wakiwa na padri au mchungaji. Hatua zinazofuata ni malalamiko katika idara ya kazi na shauri katika mahakama ya madai madogo. Katika ujenzi kuna njia nyingine kali: dai kuandikishwa dhidi ya jengo lenyewe, hivi kwamba mwenye nyumba hawezi kuliuza kwa urahisi kabla deni halijalipwa.

Kituo kimoja kilijenga mfumo wake wote juu ya swali la nani abebe dai. The Workplace Project, kilichoanzishwa 1992 na wakili Jennifer Gordon huko Hempstead, Long Island, kiligundua mapema kwamba foleni ya wenye madai haiishi. Wakili mmoja angeweza kufuatilia mashauri maisha yake yote bila mwajiri hata mmoja kubadili tabia. Ikawekwa kanuni: anayetaka kusaidiwa na wakili ajiunge na kozi ya haki za wafanyakazi na ashiriki katika juhudi za wenzake. Waliohitimu ndio waliokuwa wanachama wenye kura. Mwaka 1997 wanachama hao walisimama mbele ya maseneta wa jimbo la New York, wengi kwa msaada wa mkalimani, na kueleza kilichowapata. Sheria iliyopita mwaka huo ilipandisha adhabu ya mwajiri sugu wa kutolipa kutoka asilimia 25 ya deni hadi asilimia 200. Watu wasio na haki ya kupiga kura walikuwa wameandika sheria.

Elimu ya watu wazima

Mafunzo ya vituo vingi yamejengwa juu ya fikra za Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyefundisha wakulima kusoma kwa kuanza na maneno ya maisha yao. Freire si mgeni Afrika Mashariki. Mapema miaka ya 1970 alifika Dar es Salaam, wakati kisomo cha watu wazima kikipamba moto Tanzania. Msingi wake ni kwamba mwanafunzi mzima anajua mengi, na kazi ya mwalimu ni kuuliza swali litakaloyatoa.

Katika kituo, somo la usalama wa ujenzi halianzi na kanuni. Huanza na karatasi kubwa yenye umbo la mtu. Kila mmoja huweka alama mahali ambapo kazi imemuumiza. Punde mgongo na mikono ya mchoro ule hujaa alama nyekundu, na mtu aliyedhani maumivu yake ni bahati mbaya anaona kwamba ni ya wote. Hapo ndipo mkufunzi anapouliza mkanda wa usalama ulikuwa wapi, na nani kisheria anapaswa kuununua.

Maigizo nayo yametumika tangu Delano, ambako mwaka 1965 Luis Valdez alianzisha El Teatro Campesino, kikundi cha wafanyakazi walioigiza juu ya malori mbele ya mistari ya wagomaji. Katika afya kuna promotoras, wanawake wa jamii yenyewe wanaopewa mafunzo na kwenda nyumba kwa nyumba, kama wafanyavyo wahudumu wa afya ngazi ya jamii vijijini Tanzania na Kenya. Hueleza jinsi ya kufua nguo zenye dawa ya wadudu bila kuzichanganya na za watoto, na dalili za mtu aliyezidiwa na joto. Wengi wa wahamiaji kutoka nyanda za juu za Guatemala huzungumza lugha za Kimaya kama Mam na Q'anjob'al kabla ya Kihispania. Kituo kisichokuwa na mkalimani wa lugha hizo huwafikia nusunusu.

Ndoo ya nyanya Immokalee

Mfano uliofika mbali kuliko yote uko kusini mwa Florida, katika mji wa Immokalee, penye mashamba ya nyanya. Mwaka 1993 kikundi kidogo cha wachumaji kilianza kukutana katika chumba cha kuazima kanisani. Hicho ndicho kilichozaa Umoja wa Wafanyakazi wa Immokalee.

Kipimo cha maisha yao kilikuwa ndoo. Ndoo iliyojaa ilikuwa na ratili 32, kama kilo 14 na nusu. Mchumaji aliijaza, akaitupia begani, akakimbia nayo hadi kwenye lori na kumrushia aliye juu, ndipo apewe kishina cha karatasi au sarafu ya kuhesabia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malipo yalikuwa kati ya senti 40 na 50 kwa ndoo. Kupata dola 60 kwa siku kulihitaji kuchuma karibu tani mbili. Na ndoo haikukubaliwa ikiwa sawa na ukingo. Mnyapara alitaka iwe na kilima juu, nyanya za ziada ambazo wachumaji waliziita copete na ambazo hazikulipiwa. Aliyekataa kuongeza kilima alinyimwa kishina.

Mwaka 1996 kijana mmoja Mguatemala alipigwa na mnyapara kwa kuacha kazi ili anywe maji. Alikimbilia ofisi ya umoja akiwa na shati lililolowa damu. Usiku huo mamia ya wafanyakazi waliandamana hadi nyumbani kwa mnyapara, wakilibeba shati lile, na ujumbe wao ulikuwa kwamba kumpiga mmoja ni kuwapiga wote. Kesho yake watu walikataa kupanda basi lake.

Hata hivyo migomo na mfungo wa siku 30 wa wafanyakazi sita havikuubadilisha ujira sana. Wakizungumza katika mikutano yao ya Jumatano, wafanyakazi walichora mnyororo wa nyanya kutoka shambani hadi mezani na kuuliza: nani anayepanga bei? Jibu halikuwa mwenye shamba. Lilikuwa makampuni makubwa ya chakula, yanayonunua kwa wingi na kushusha bei hadi mzigo unamwangukia mchumaji. Mwaka 2001 walitangaza kuisusia Taco Bell. Dai lilikuwa senti moja zaidi kwa kila ratili. Haba na haba hujaza kibaba: kwa ndoo ya ratili 32, ni senti 32. Wanafunzi wa vyuo na makanisa walijiunga, na Machi 2005 kampuni ilikubali. McDonald's ilifuata 2007, Burger King 2008, na Walmart 2014.

Mwaka 2010 umoja wa wakulima wa nyanya wa Florida nao uliingia, na mpango wa kusimamia makubaliano hayo ukaanza kutekelezwa kwa zaidi ya asilimia 90 ya zao hilo. Unavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Makampuni hulipa nyongeza na kuahidi kutonunua kwa shamba linalovunja kanuni. Kanuni zinataka kivuli, maji, saa ya kuingilia yenye kurekodi muda, na kutovumilia hata kidogo unyanyasaji wa kingono na kazi ya kulazimishwa. Wafanyakazi hufundishwa na wafanyakazi wenzao, shambani, ndani ya saa za malipo. Kuna simu ya malalamiko saa 24 na baraza huru la wakaguzi. Mwenye shamba asiyerekebisha kosa hupoteza soko. Miongoni mwa kanuni hizo ipo inayosema ndoo ijae hadi wapi, kwa picha. Kilima cha nyanya kiliondolewa.

Ofisini na majumbani

Mijini, njia ya kumfuata mwenye nguvu halisi ilitumiwa na wasafishaji wa maofisi katika kampeni iliyoanza Denver mwaka 1985 chini ya chama cha SEIU. Badala ya kumgombania mkandarasi mmoja mmoja, waliwakabili wenye majengo hadharani. Tarehe 15 Juni 1990 polisi wa Los Angeles waliwapiga wasafishaji waliokuwa wakiandamana kwa amani eneo la Century City. Picha zilionekana nchi nzima, na muda mfupi baadaye mkandarasi wao mkuu alitia saini mkataba. Mwaka 2000 shirikisho kuu la vyama vya wafanyakazi, AFL-CIO, liliacha msimamo wake wa zamani na kutaka wahamiaji wasio na vibali wahalalishwe. Mwaka 2006 likaafikiana kushirikiana na mtandao wa vibarua.

Wafanyakazi wa majumbani wana ugumu wa peke yao: kila mmoja ana mwajiri wake, nyuma ya mlango uliofungwa. Wahamasishaji wao waliwafuata kwenye bustani wanakopeleka watoto kucheza, vituo vya basi na makanisa. Muungano wao wa kitaifa uliundwa 2007. Mwaka 2010 New York ikawa jimbo la kwanza kutunga sheria yao, yenye malipo ya saa za ziada, siku ya kupumzika kila wiki na siku tatu za likizo yenye malipo baada ya mwaka. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu kazi za majumbani. Katika shirikisho la kimataifa lililozaliwa na harakati hizo, wanawake wa Kilatino wa Marekani wako meza moja na wanachama wa vyama vya wafanyakazi vya CHODAWU cha Tanzania na KUDHEIHA cha Kenya.

Fedha, hofu na uhai wa vituo

Udhaifu mkubwa wa vituo ni mfuko. Ada za wanachama wenye kipato kidogo haziwezi kulipa wakili na kodi ya ofisi, hivyo vingi hutegemea wafadhili na ruzuku za serikali za miji. Mfadhili akigeuza mwelekeo, mratibu anapunguzwa. Baadhi ya vituo vimejibu kwa kuanzisha vyama vya ushirika vya usafi, ambamo wasafishaji ndio wenye mali na hugawana faida. Wafanyakazi wenyewe pia wana hazina zao zisizoandikwa. Tanda ya Wamexico ni upatu uleule wa Tanzania na chama cha Kenya: watu kumi wanachangishana kila wiki na mmoja anapokea. Wahamasishaji wazoefu hutafuta mama anayeshika tanda ya mtaa, kwa kuwa huyo tayari ana kile wanachokitafuta, yaani imani ya watu.

Wakati wa korona uwezo huo ulionekana. Wafanyakazi wasio na vibali hawakupata fedha za kujikimu zilizotolewa na serikali kuu. Mwaka 2021, baada ya kampeni iliyofuatana na mfungo wa siku 23, jimbo la New York lilitenga dola bilioni 2.1 kwa walioachwa nje, na vituo ndivyo vilivyowasaidia waombaji kukusanya uthibitisho wa kazi zao. Daftari la mfukoni likawa tena na thamani.

Hofu ya kukamatwa na kurudishwa makwao hupanda na kushuka kulingana na siasa. Juni 2025 misako ya uhamiaji Los Angeles iliwakuta vibarua nje ya maduka ya vifaa vya ujenzi, na kona nyingi zikabaki wazi. Katika nyakati kama hizo kituo hufanya kazi ya msingi kabisa: kugawa kadi zenye maelezo ya haki ya kunyamaza na ya kumwita wakili, kuwapanga wa kujitolea wakeshe kijiweni, kutafuta aliyekamatwa amepelekwa wapi, na kumfikishia mkewe mshahara wake wa mwisho. Deni la mwajiri halifutwi na kukamatwa kwa mfanyakazi. Dai linabaki, na kuna wenzake wa kulibeba.